Namna ya Kutumia Pampu ya Kukamulia Maziwa ili Maziwa ya Mama Yaongezeke

Kabla mama hajatoa fedha kununua pampu, inafaa ahakikishe kwamba maziwa yake ni machache kweli, kwa sababu wengi wanaolalamika hivyo hapa Bukavu wana maziwa ya kumtosha mtoto bila kujua. Matiti kulegea baada ya wiki chache za mwanzo, mtoto kulia kila jioni, mtoto kudai titi tena kabla saa moja haijaisha, au mama kukamua mara moja na kupata vijiko viwili tu: yote hayo hayathibitishi upungufu. Kinachothibitisha ni nepi na mizani. Tangu siku ya tano au ya sita, mtoto anayeshiba hukojoa angalau mara 6 kwa siku, na mkojo wake huwa mwepesi, usio na rangi kali. Uzito aliopoteza siku za kwanza huurudisha kwa kawaida kabla ya kutimiza wiki 2, na kuanzia hapo, katika miezi 6 ya kwanza, huongezeka angalau gramu 500 kwa mwezi. Kwa hiyo siku ya kupimisha watoto kilo kwenye kituo cha afya, iwe Kadutu, Ibanda au Bagira, usiridhike na kuambiwa kwamba anaendelea vizuri; omba uonyeshwe mstari wa uzito kwenye kadi yake.

Mizani ikishathibitisha kwamba mtoto haongezeki ipasavyo, bado pampu si kitu cha kwanza. Kwanza tazama namna mtoto anavyoshika titi. Anayefyonza ncha ya chuchu pekee humwumiza mama na hutoa maziwa kidogo. Anayeshika vizuri hufungua mdomo wazi na kuingiza sehemu kubwa ya duara jeusi linalozunguka chuchu, kidevu chake kikigusa titi na mdomo wa chini ukiwa umebinukia nje, nawe utamsikia akimeza baada ya kila mnyonyo mmoja au miwili. Kisha tazama anachopewa zaidi ya titi. Maji, maji ya sukari, chai ya mitishamba na biberoni, yaani chupa ya kunyonyea, yenye maziwa ya kopo, kila kimoja huchukua nafasi ya mnyonyo mmoja, na mwili wa mama huhesabu minyonyo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake, bila hata maji, kwa miezi 6 kamili, na mama wengi wanaoacha vile vikombe vya maji huona maziwa yakirudi bila mashine yoyote. Lakini mtoto ambaye tayari anategemea maziwa ya kopo asikatiwe kwa ghafula. Yanapunguzwa kidogo kidogo kadiri maziwa ya mama yanavyopanda, chini ya uangalizi wa muuguzi.

Kuna sababu nyingine ambazo pampu peke yake haiziwezi: kipande cha kondo la nyuma kilichobaki tumboni, damu nyingi iliyopotea wakati wa kujifungua, ugonjwa wa tezi ya shingo, upasuaji wa titi uliofanywa zamani, au vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni. Mama aliyepitia jambo mojawapo kati ya hayo na aanze kwa daktari, si kwa muuza pampu.

Jinsi maziwa yanavyoongezeka

Pampu haina dawa ndani yake. Kazi yake yote ni kuondoa maziwa titini, na kule kuondolewa ndiko kunakouambia mwili utengeneze mengine. Titi lililojaa hupunguza mwendo wa kutengeneza. Titi lililomaliziwa huongeza mwendo. Mwuza mandazi wa kando ya barabara hufanya vivyo hivyo: yakimalizika mapema leo, kesho hukanda unga mwingi zaidi, na yakilala hupunguza. Ndiyo sababu mama anayengoja matiti yajae kwanza ndipo akamue, akidhani anaweka akiba, kwa kweli anaupa mwili wake amri ya kupunguza.

Homoni mbili zinahusika. Prolaktini ndiyo inayotengeneza maziwa. Hupanda kila chuchu inapofyonzwa, na usiku hupanda zaidi kuliko mchana. Oksitosini ndiyo inayoyasukuma maziwa yaliyokwisha kutengenezwa yashuke na kutoka; huja upesi mama akiwa ametulia, akiwa amempakata mtoto au hata akimsikia akilia, na huchelewa mama akiwa na maumivu, baridi au hofu. Maagizo yote ya kukamua yanatoka hapo: kamua mara nyingi, usiuruke usiku, wala usikamue huku unaumia. Nguvu ya mashine huja nyuma sana ya hayo matatu, ingawa ndiyo wauzaji wanayoisifu kuliko yote.

Pampu ipi

Katika maduka ya dawa ya Nyawera na kandokando ya soko la Kadutu, pampu hii huulizwa kwa jina la Kifaransa, tire-lait, na utaonyeshwa vitu vinavyotofautiana sana. Ile ya bei ya chini kabisa, yenye mpira wa kuminya unaofanana na honi ya baiskeli, iache hukohuko dukani. Maziwa huingia ndani ya ule mpira ambao hauwezi kusafishwa vizuri, na mvuto wake hauna kipimo, kwa hiyo huchubua chuchu na kumpa mtoto vijidudu.

Pampu ya mkono yenye mpini ni jambo jingine kabisa. Mama huminya na kuachia mwenyewe, anausikia mvuto kwa kiganja chake, haihitaji umeme, na vipande vyake vyote huchemshwa. Kwa mji ambao umeme hukatika bila kuaga, na kwa mama anayetaka kuongeza maziwa akiwa bado ananyonyesha, hiyo mara nyingi inatosha. Pampu ya umeme inafaa zaidi kwa mama ambaye mtoto wake hanyonyi kabisa, kwa mfano aliyezaliwa kabla ya wakati na yuko kwenye chumba cha watoto wachanga, au kwa anayekaa mbali na mtoto siku nzima. Akiweza, achague inayokamua matiti mawili kwa pamoja, kwa sababu hupunguza muda karibu nusu na huichochea prolaktini zaidi. Nyingi za siku hizi huchajiwa kwa waya kama wa simu, hivyo betri ya akiba au paneli ndogo ya jua huziendesha. Hakikisha hilo kabla ya kulipa.

Pampu iliyotumiwa na mama mwingine si ya kununua wala ya kuazima, hata kama ni ya dada yako. Katika aina nyingi za nyumbani maziwa yanaweza kupenya hadi kwenye mota, mahali ambapo hakuna maji ya moto yanayofika. Pampu za hospitali zinazotumiwa na mama wengi zimeundwa kwa namna nyingine, zenye kizuizi kati ya maziwa na mota, na kila mama hutumia koni na mirija yake mwenyewe.

Kipimo cha koni, yaani ile sehemu pana inayowekwa juu ya titi, ni jambo ambalo wauzaji hawalitaji hata kidogo, nalo ndilo linaloharibu kazi ya mama wengi. Kila pampu huja na koni ya kipimo kimoja au viwili, mara nyingi yenye tundu la milimita 24, kana kwamba chuchu zote ni sawa. Chukua rula ya mwanafunzi, pima upana wa chuchu penye shina lake bila kuhesabu duara jeusi, kisha ongeza milimita 2 hadi 4. Ukiwa unakamua, angalia ndani ya koni: chuchu inapaswa kwenda mbele na kurudi bila kusugua kuta. Ikiwa inasugua na kupauka, tundu ni dogo. Ikiwa sehemu kubwa ya duara jeusi inavutwa pamoja nayo hadi ndani, tundu ni kubwa. Chuchu mbili za mama mmoja zinaweza kutofautiana, na baada ya wiki kadhaa zinaweza kubadilika, kwa hiyo kupima mara moja hakutoshi.

Kukamua, hatua kwa hatua

Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kaa mahali pa kuegemea, mabega yakiwa yamelegea, maji ya kunywa yakiwa karibu. Asubuhi za Bukavu zina baridi, na kitambaa kilichochovywa katika maji ya vuguvugu na kuwekwa juu ya titi kwa dakika chache husaidia maziwa kushuka. Halafu sugua titi kwa vidole, kwa miduara midogo, kuanzia kwapani na kifuani kuelekea kwenye chuchu, na uiviringishe chuchu taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada. Kama mtoto yupo, mlaze kifuani ngozi kwa ngozi. Kama hayupo, kinguo chake chenye harufu yake si jambo la kuchekwa.

Weka koni chuchu ikiwa katikati kabisa, uishike kwa upole tu, maana ukiikandamiza unaifunga mirija ya maziwa iliyo chini yake. Anza kwa mivuto myepesi ya harakaharaka, kama mtoto anavyofanya akianza kunyonya, kwa dakika 1 au 2. Mwanzoni utaona matone yanayochuruzika kwenye ukuta wa koni moja moja. Ghafla matone hugeuka kuwa michirizi myembamba inayoruka kwa pamoja kutoka matundu kadhaa ya chuchu, na mama wengine huhisi mchonyoto au titi lile jingine likivuja. Hapo ndipo maziwa yameshuka. Badilisha mara moja: mivuto ya polepole na mirefu. Ongeza nguvu hadi uhisi usumbufu kidogo, kisha irudishe chini hatua moja, na ubaki hapo. Mvuto unaouma hautoi maziwa zaidi. Hutoa kidogo, kwa sababu maumivu huizuia oksitosini.

Mkono usio na kazi usikae bure. Michirizi ikipungua, lishike titi kwa kiganja chote na ulibonye kwa uthabiti, ushikilie huku pampu ikivuta, uachie, uhamie upande mwingine, hasa kwenye sehemu unazozihisi zina vifundo. Mara nyingi maziwa hushuka mara ya pili na hata ya tatu ndani ya zamu hiyohiyo. Endelea kwa dakika 15 hivi kila titi, au dakika 2 baada ya tone la mwisho, kisha ondoa pampu na umalizie kwa mkono mtupu: kidole gumba juu na vidole viwili chini, sentimita 3 hivi nyuma ya chuchu, sukuma kuelekea kifuani, minya bila kuteleza juu ya ngozi, achia, zungusha vidole pahali pengine. Daktari Jane Morton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani walichapisha mwaka 2009 utafiti juu ya mama wa watoto njiti waliotegemea pampu, na walipofundishwa kutumia mikono pamoja na mashine, maziwa yao ya siku yalipanda kwa asilimia 48. Ninaupenda utafiti huo kwa sababu kilichoongezwa hakikununuliwa dukani.

Ratiba

Kwa mama ambaye mtoto wake ananyonya, pampu haichukui nafasi ya mtoto, humfuata. Mnyonyeshe mtoto mara 8 hadi 12 kwa saa 24, matiti yote mawili, na baada ya minyonyo kadhaa ya siku hiyo kamua dakika 10 hadi 15 hata kama hakuna kinachotoka. Kukamua titi lililokwisha nyonywa kunaonekana kama kazi isiyo na faida, lakini amri ya kuongeza hutolewa hasa katika dakika hizo kavu. Zamu ya alfajiri, kati ya saa 10 na saa 12, ndiyo yenye maziwa mengi kwa mama wengi, na jioni huwa machache. Kwa hiyo usiyapime maziwa yako kwa chupa ya saa 1 usiku. Zamu ya baada ya kunyonyesha ikitoa mililita 15 hadi 60 kutoka matiti yote mawili, hiyo ni kazi nzuri. Mtoto wa mwezi 1 hadi 6 anayenyonya tu hutumia kwa wastani mililita 750 hadi 800 kwa siku nzima, na mtoto anayeshika vizuri hutoa maziwa zaidi kuliko pampu yoyote.

Ongezeko halionekani siku ileile. Lipe siku 3 hadi 7 za utaratibu usiokatika. Anayetaka kuusukuma mwili zaidi anaweza kuongeza saa moja kwa siku ya kukamua kwa vipindi: anakamua dakika 20, anapumzika 10, anakamua 10, anapumzika 10, anamalizia kwa kukamua 10. Utaratibu huo unaiga siku zile ambazo mtoto anakua kwa kasi na kulidai titi kila baada ya muda mfupi. Ufanywe mara moja kwa siku, kwa siku chache hadi wiki moja, saa ambayo kuna mtu wa kumshika mtoto na, kama pampu ni ya umeme, saa ambayo umeme huwapo. Mwenye pampu ya mkono ahamishe kutoka titi hadi titi badala ya kupumzika. Mimi huushauri kwa mama ambaye tayari anakamua au ananyonyesha angalau mara 8 kwa siku. Kwa anayekamua mara 4, ile saa moja ngumu haifidii mara 4 zilizokosekana. Ni afadhali azitawanye dakika hizo katika mchana na usiku.

Mama ambaye mtoto wake amelazwa na hawezi kunyonya anahitaji bidii ya namna nyingine, na wakati wake ni mfupi zaidi. Aanze ndani ya saa 6 baada ya kujifungua, mapema zaidi ikiwezekana, na akamue mara 8 hadi 10 kwa saa 24, ikiwamo angalau mara moja usiku wa manane. Siku 2 au 3 za kwanza mkono hushinda pampu, kwa sababu dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano, ni machache na mazito na hubaki yamenata kwenye koni. Yakingwe katika kijiko au kufyonzwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na hata nusu kijiko ipelekwe kwa muuguzi, maana hiyo ni chanjo ya mtoto. Maziwa mengi huanza kuingia kati ya siku ya 2 na ya 4. Lengo la kuelekea ni mililita 500 au zaidi kwa siku mtoto akitimiza wiki 2. Hospitali ikiruhusu mama ambebe mtoto kifuani kwa njia ya kangaruu, akamue mara tu baada ya kumbeba, au hata pembeni ya kitanda chake. Maziwa hushuka upesi zaidi hapo kuliko kwenye kona ya korido.

Anayerudi kazini ajue pia haki yake. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inampa mama likizo ya uzazi ya wiki 14, na anaponyonyesha, mapumziko mawili ya nusu saa kila siku, yanayolipwa kama saa za kazi. Nusu saa moja inatosha zamu kamili kama koni tayari ni safi ndani ya mfuko. Anayeuza sokoni hana mwajiri wa kumwomba nusu saa. Kwake pampu ya mkono chini ya kitenge, au mtoto kuletwa kibandani mara mbili kwa siku, ndiyo njia inayowezekana.

Usafi na kuhifadhi

Baada ya kila zamu fungua vipande vyote vilivyogusa maziwa, visuuze kwa maji baridi, uvioshe kwa maji ya moto na sabuni katika beseni lisilooshewa vyombo wala nguo, kwa brashi yake peke yake, kisha uviache vikauke hewani juu ya kitambaa safi. Kuvifuta kwa taulo la jikoni ni kuvirudishia uchafu. Mara moja kwa siku, hasa mtoto akiwa chini ya miezi 2 au alizaliwa njiti, vichemshe kwa dakika 5 tangu maji yanapotokota. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu hutokota yakiwa na nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo mimi huona ni busara kuongeza dakika chache juu ya jiko la makala badala ya kuzipunguza. Mirija ya hewa ya pampu ya umeme haioshwi kwa maji. Ikiingia ukungu hutupwa.

Pampu iliyokuwa ikivuta vizuri ikaanza kulegea, kabla ya kuilaumu mota au matiti yako, kagua vali, kile kipande kidogo cha mpira laini kilicho chini ya koni. Kiinue kwenye mwanga na ukivute kidogo: kikiwa kimechanika kwenye ncha, kimepinda au hakifungi tena, mvuto unapotea hapo. Mara nyingi ndicho kitu pekee kinachohitaji kubadilishwa. Ukinunua pampu, uliza papo hapo kama vali za akiba zinapatikana.

Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa saa 4 katika chumba ambacho joto lake halizidi nyuzi 25, siku 4 ndani ya friji, na miezi 6 katika sehemu ya kugandisha. Hesabu hizo zinadhani umeme upo. Friji ikikaa usiku kucha bila umeme na ndani kukawa na uvuguvugu, yahesabu kama yaliyokaa chumbani. Yaliyoganda yakiwa bado na vipande vya barafu yanaweza kurudishwa. Yaliyoyeyuka kabisa yatumike ndani ya saa 24 yakiwa kwenye friji na yasigandishwe tena. Andika tarehe na saa, weka kidogo kidogo, mililita 60 hadi 100, na uyapashe kwa kuweka chombo ndani ya bakuli la maji ya vuguvugu, kamwe si juu ya moto. Mpe mtoto kwa kikombe kidogo kisafi, ukikiegemeza mdomoni na kumwacha alambe mwenyewe: kikombe ni rahisi kusafisha kuliko biberoni, na hakimfundishi kunyonya kwa namna nyingine.

Chakula, vinywaji na dawa

Mama anayenyonyesha anahitaji kula zaidi ya kawaida na kunywa kila anapohisi kiu. Sombe yenye karanga, sambaza wa Ziwa Kivu, maharage, lengalenga na uji wa masoso, yaani wa mahindi, soya na mtama, vinamjenga mama mwenyewe, nalo ni jambo kubwa, lakini hakuna chakula kinachofanya kazi ya titi lililomaliziwa, na kujilazimisha lita za maji kupita kiu hakuongezi kitu. Kasiksi ambayo wazee wengi huisifia ni pombe, na pombe huizuia oksitosini. Mama akiinywa maziwa hutoka kidogo, ingawa titi lililobaki limejaa humdanganya kwamba yameongezeka. Mama mkwe anayeileta ana nia njema na hapaswi kubishiwa mbele ya wageni. Mshukuru, mwombe uji badala yake, na umwombe pia amshike mtoto wakati unakamua. Msaada huo wa pili ndio utakaoongeza maziwa.

Vidonge kama domperidone na metoclopramide, ambavyo mama wengine huvinywa ili maziwa yaongezeke, hupatikana madukani bila kuulizwa sana. Cha kwanza kinaweza kuvuruga mapigo ya moyo, cha pili kinaweza kuleta huzuni nzito, na vyote viwili ni vya daktari kuamua baada ya kukamua kwa utaratibu kushindikana.

Wakati wa kwenda kituoni, na namna ya kupunguza

Titi likiwa jekundu, la moto na lenye uchungu sehemu moja, pamoja na homa na baridi ya mwili, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Endelea kumnyonyesha mtoto, lakini usizidishe kukamua ukidhani unausafisha ugonjwa, kwa kuwa kukamua kupita mahitaji huongeza uvimbe. Nenda pia kama chuchu imepasuka na haiponi licha ya kubadilisha koni. Mtoto ambaye analala kupita kiasi, anakataa titi au ana mkojo wa rangi kali asingojee siku ya kilo. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI na anayetumia dawa zake vizuri ananyonyesha na kukamua kwa kufuata maelekezo ya kliniki yake.

Mtoto akiongezeka uzito vizuri kwa wiki 2 mfululizo, zamu za pampu zinaweza kupunguzwa. Ondoa moja kila baada ya siku 3 au 4, ukianza na ile inayotoa kidogo, na zamu ya alfajiri iwe ya mwisho kuondoka. Titi likijaa na kuuma katikati ya siku hizo, kamua kiasi cha kulilegeza tu, kisha acha. Ukilimaliza hadi tone la mwisho, mwili utaendelea kupika kwa ajili ya mlo ambao hakuna mtu wa kuula.